Funga, ziba au funika? Swali la fundi kuhusu tundu la kabureta

SWALI: Mimi ni fundi wa pikipiki katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na nina vijana ninaowafunza kazi. Nilibandika ukutani agizo hili: "Funga tundu ya hewa isiyotumika kwenye kabureta." Kijana mmoja akaenda akaziba mpira wa kupumulia, na pikipiki ikawa inazima baada ya mwendo mfupi. Je, ningeandika ziba, funika, zuia, au weka plagi? Na vakyumu tuiiteje kwa Kiswahili?

JIBU: Fundi, kitenzi tutakitengeneza, lakini sidhani ndicho kilichompoteza kijana wako. Kilichompoteza ni "tundu ya hewa isiyotumika". Kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla havijaingia kwenye injini, ina njia zaidi ya moja ya hewa, na maneno yako hayakumwambia ni ipi.

Tuanze na upatanisho. Nairobi tumezoea kusema "tundu ya", "gari ya", "jina yangu", na mitaani tunaelewana. Kwenye agizo la kazi mazoea hayo yana gharama. Ukiandika "tundu ya hewa isiyotumika", msomaji hajui kisichotumika ni tundu au ni hewa, kwa maana yote mawili yanakubali "isiyo-". Kijana akauona mpira unaoning'inia bila kuunganishwa popote, akahesabu kwamba hewa yake haina kazi. Kisarufi alisoma vizuri kabisa! Tundu likirudi kwenye ngeli yake ya li-ya, utata unaondoka: "tundu la hewa lisilotumika". Sasa ni tundu tu ndilo lisilotumika.

Hata hivyo, neno "hewa" bado halitoshi. Mpira wa kupumulia huacha hewa ya nje iingie kwenye bakuli la petroli, ili petroli iendelee kusukumwa kuelekea kwenye jeti, yaani kitundu kidogo kinachopima petroli. Ukizibwa, kadiri petroli inavyopungua bakulini ndivyo shinikizo linavyoshuka humo, na injini inakosa mafuta mpaka inazima. Tundu unalotaka wewe liko upande wa injini, nyuma ya vali ya aksileta, mahali ambapo shinikizo ni dogo kuliko la nje kwa sababu injini inavuta. Kwenye baadhi ya pikipiki tundu hilo huunganishwa na koki ya tangi inayofunguliwa kwa kiwambo, yaani utando mwembamba unaovutwa na injini, kwa hiyo ukiweka koki ya kawaida ya mkono linabaki wazi bila kazi. Wazi hivyo, linaingiza hewa ambayo kabureta haikuipima. Mchanganyiko unapungukiwa petroli, injini inanguruma juu bila kuguswa aksileta, na ukiachia aksileta eksozi inatoa milio ya mlipuko.

Hilo shinikizo dogo ndilo mnaloliita vakyumu, na Kiswahili kina neno lake: ombwe. Wasikilizaji wa habari wanalijua kupitia "ombwe la uongozi", na katika sayansi ni neno hilohilo. Andika "tundu la ombwe". Vijana wakizoea kusema vakyumu, waache waseme, mradi ukutani wakutane na ombwe. Nilifikiria pia "tundu la kuvutia hewa", kwa kuwa mafundi husema injini inavuta, ila "la kuvutia" litawafanya wasomaji wacheke kabla hawajashika bisibisi. "La kufyonzea" lingefaa kama ombwe lisingekuwapo.

Sasa vitenzi. "Weka plagi" uiondoe kabisa: kwa fundi wa pikipiki, plagi ndiyo inayotoa cheche. "Funga" nayo ina kazi nyingine gereji: kufunga kabureta ni kuirudisha mahali pake baada ya kuifungua. "Zuia" huelekezwa kwa kinachopita, si kwa njia yake. Tunazuia hewa, tunaziba tundu. "Funika" ni kuweka kitu juu, kama sufuria inavyofunikwa, na mvuke bado hupenya pembeni. Upande ule wa injini, upenyo mdogo tu unatosha kuharibu mwendo.

Kwa hiyo kitenzi chako ni "ziba". Tunaziba masikio, tunaziba ufa, tunaziba pengo, na kila mara nia ni kwamba kisipite kitu. Ila kichunge katika kauli yake. "Tundu limeziba" maana yake limejaa uchafu lenyewe bila mtu kukusudia, ndiyo maana wateja husema kabureta imeziba wanapotaka isafishwe. "Tundu limezibwa" maana yake kuna mkono uliofanya kazi hiyo. Kijana akikuandikia kwenye daftari la kazi kwamba tundu limeziba, utalizibua bure. Sisitiza ile -w-.

Kuhusu kifaa chenyewe, angalia kinakokaa. Kama tundu lina mrija mfupi wa shaba, unachovisha juu yake ni kifuniko cha mpira, chenye klipu ya kukibana. Kama tundu lina nyuzi za skrubu ndani, kinachoingia ni skrubu na washa yake (kile kipete bapa cha chini ya kichwa cha skrubu), na hicho unaweza kukiita kizibo, kwani kizibo huingia ndani ya mdomo wa kitu, kama cha chupa. Ukichanganya majina hayo mawili utaletewa kifaa kisichoenea.

Ningeandika hivi ukutani:

"Ziba tundu la ombwe lisilotumika, lililo upande wa injini. Kama lina mrija, vika kifuniko cha mpira kinachostahimili petroli na ukibane kwa klipu. Kama lina nyuzi, kaza skrubu yenye washa. Usipake silikoni, petroli huilainisha ikabanduka. Mpira wa kupumulia wa bakuli la petroli usizibwe kamwe."