London hadi Paris: kwa nini tiketi inasema saa 2 na dakika 20?

Ndugu, tiketi yako ya ndege haijakosewa. London na Paris ziko mbali kwa takriban kilomita 344 kwa mstari ulionyooka, na ratiba ya ndege ni kama saa 1 na dakika 20. Hewani unakaa chini ya saa nzima. Muda uliobaki ndege inatembea chini, kwenda kuruka na kutafuta maegesho. Kinachokuchanganya ni saa za nchi: Paris iko mbele kwa saa 1, kiangazi na baridi. Ukiondoka uwanja wa ndege wa Heathrow, London, saa 3:00 asubuhi, utatua Paris saa ya huko ikiwa 5:20. Ukirudi saa 8:00 mchana, London utaikuta saa 8:20. Kwa hiyo ukipanga mtu wa kukupokea, mpe saa ya kule anakokupokelea.

Ila usihesabu ndege peke yake. Weka saa 1 kwenda Heathrow, saa 2 za ukaguzi, ndege yenyewe, kisha foleni ya pasipoti na RER B, treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Paris, kama nusu saa hadi stesheni ya Gare du Nord mjini. Inapita saa 5. Treni ya kasi ya Eurostar hutoka stesheni ya St Pancras katikati ya London na kufika Gare du Nord kwa takriban saa 2 na dakika 20. Fika saa 1 kabla. Mimi ningepanda treni.

Pasipoti ya Kenya au Tanzania inahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Ufaransa imo. Viza ya Uingereza haikuingizi Ufaransa, na maafisa wa Ufaransa wanakukagua hapo hapo St Pancras kabla hujapanda.