Wembe mmoja badala ya nyembe tano: maswali yenu kuhusu mashine ya chuma

Mwezi uliopita niligusia hapa, kwa sentensi mbili tu, kwamba vile vichwa vya plastiki vyenye nyembe tatu hadi tano si lazima kwa mtu anayenyoa ndevu nyumbani. Mashine ya chuma unayoivalisha wembe wa kawaida, ule wa makali pande mbili, inatosha. Maswali yakamiminika. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Shikamoo. Kila nikinyoa, baada ya siku mbili shingo inajaa vipele vinavyouma. Natumia kichwa chenye nyembe tano. Nikihamia mashine ya chuma vitaisha? (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Vinaweza kupungua sana. Kuisha kabisa sikuahidi, na ukishajua vinakotoka hutanidai zaidi ya hapo.

Nywele za kipilipili hazichomozi wima. Zinatoka zimepinda na zinaendelea kupinda. Sasa, kichwa chenye nyembe nyingi kinafanya kazi hivi: wembe wa kwanza unaukamata unywele na kuuvuta juu kidogo, na kabla haujarudi chini, wa pili unaukata, wa tatu unauwahi tena. Unywele ukishanywea ndani, ncha yake inabaki chini ya usawa wa ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka hiyo ndiyo raha yenyewe, uso laini mpaka kesho. Kwako wewe ncha hiyo imechongoka kama mwiba, na inapoanza kukua inatoboa ukuta wa kinyweleo na kuingia kwenye nyama. Mwili unauona ugeni, unavimba, pengine unatunga usaha. Hicho ndicho kipele chako. Si uchafu, wala si "damu mbaya" kama baadhi ya vinyozi wanavyopenda kusema.

Wembe mmoja hauna mwenzake wa kumalizia. Unakata unywele usawa wa ngozi na kupita. Lakini ipo njia ya pili ya kupata kipele: unywele unaota vizuri nje, unakunja shingo na kurudi kujichoma kwenye ngozi ya jirani. Hiyo mashine ya chuma haiizuii. Kinachosaidia ni kuacha tamaa ya uso laini kama wa mtoto. Nyoa kufuata nywele zinakoelekea, mpito mmoja, au miwili ukizidi, na usiivute ngozi ikakaza unaponyoa. Ukipitisha kiganja na kuhisi mikwaruzo midogo, umefika. Acha hapo.

Kama shingo imeshaumuka, usianze leo. Pumzisha wembe wiki tatu au nne, punguza ndevu kwa mashine ya umeme bila kugusa ngozi, na sindano ya kuchokolea vinywele uiweke mbali. Ukiona makovu yanayovimba na kukua, nenda kwa daktari wa ngozi kabla hujanunua chochote. Wapo wanaume ambao dawa yao ni mashine ya umeme inayobakiza milimita moja, basi, na hakuna aibu yoyote hapo.

Mimi wembe naushika kwa vidole tangu ujana wangu na sina kipele hata kimoja. Hiyo mashine ya nini? (Mzee wa Ujiji)

Shikamoo mzee wangu. Mkono ukishaujua wembe kiasi hicho, sina la kukufundisha, na nadhani hukuhitaji safu hii kujua kwamba wembe mmoja unatosha.

Nitamtetea tu mjukuu wako anayeanza kunyoa. Wembe huu una unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiwa vidoleni unayumba, na hakuna kinachouzuia kuzama. Mashine inaukunja kidogo ili ukaze, na ule mdomo wake, yaani ukingo ulio chini ya makali, unaacha makali yachungulie kwa kiasi kidogo tu. Anayeanza leo aanzie huko.

Kaka, ninunue mashine gani? Na kweli wembe wa duka lolote utaingia? (Msomaji, Nairobi)

Nianze na la pili, maana ndilo linalookoa pesa.

Mashine hii ilibuniwa na Mmarekani King Camp Gillette. Alitaka wembe mwembamba, wa bei ndogo, usionolewa bali unatupwa. Kazi ngumu ya kulifanya bati jembamba hilo liwe gumu na lenye makali ilifanywa na mhandisi William Nickerson. Mwaka wa kwanza wa mauzo, 1903, waliuza mashine 51 tu. Hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yao, ilitoka Novemba 1904, ikamaliza muda wake mwaka 1921, na tangu hapo kila kiwanda kikawa huru kutengeneza nyembe za namna hiyo. Ndiyo maana leo unakuta za Pakistani, Uturuki, India, Urusi, Japani, zote zina umbo lile lile na zote zinaingia kwenye mashine yako.

Vile vichwa vya plastiki ni habari nyingine. Cha nyembe mbili kililetwa na Gillette mwaka 1971, cha nyembe tatu mwaka 1998, cha nyembe tano mwaka 2006, na kila kipya kilikuja na mpini wake na hataza zake. Ukishanunua mpini, umemwoa muuzaji wa vichwa. Siwalaumu, ni biashara. Ila mfuko ni wako, na wembe mmoja dukani kwa Mangi bado unauzwa kwa sarafu.

Sasa mashine. Chukua ya vipande vitatu: kifuniko, bamba na mpini. Haina cha kuharibika, na ikiziba povu unaifungua yote na kuisugua. Zile zinazofunguka juu kama milango miwili zinapendeza, lakini zina viungo vingi vinavyokamata uchafu. Mdomo uwe umefungwa, usiwe na meno ya chanuo. Ya meno ni ya ndevu ndefu na mikono iliyozoea. Iwe nzito kidogo mkononi, nitaeleza kwa nini hapo chini. Na uangalie jambo moja kabla ya kulipa: ukishauvalisha wembe na kukaza, makali yatokeze sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja ukizidi, mrudishie mwenye duka. Mashine ya bei rahisi iliyonyooka ni bora kuliko ya bei kali iliyopinda.

Nyembe nunua aina mbili tatu tofauti, chache chache, uone ngozi yako inapenda ipi. Feather za Japani zinasifika kwa ukali. Mimi nisingemshauri anayeanza aanze nazo.

Nimeshanunua, lakini najikata kidevuni na chini ya koo kila siku. Nakosea wapi? (Msomaji, Arusha)

Unakandamiza. Sijakuona, lakini karibu kila anayetoka kwenye plastiki anakandamiza, kwa sababu plastiki ilimruhusu. Kile kichwa kina shingo inayocheza, kinajipindisha kufuata uso, kinasamehe mkono mzito. Chuma hakichezi. Pembe ni kazi yako, na nguvu haitakiwi kabisa: uzito wa mashine yenyewe ndio unaokata.

Shika mpini karibu na mwisho wake, kwa ncha za vidole. Laza kifuniko shavuni, mpini ukiwa umetokeza wima kuelekea kioo. Hapo wembe haugusi kitu. Sasa shusha mpini polepole huku ukivuta kidogo, mpaka usikie mlio wa nywele zikikatwa. Hiyo ndiyo pembe yako, karibu nyuzi 30. Usiulize mtu mwingine, sikiliza mlio. Ukiipoteza pembe, mlio utanyamaza.

Mipito iwe mifupi, urefu wa kidole gumba si zaidi. Suuza, geuza upande wa pili, endelea. Kamwe mashine isiteleze kuelekea ubavuni, maana huko ndiko kunakozaliwa michirizi mirefu inayokataa kukauka. Pasipo na povu usirudie. Paka tena kwanza.

Koo lina shida yake. Nywele za shavuni huwa zinashuka, lakini za kooni kwa wengi zinakwenda mshazari au zinapanda juu. Acha ndevu siku mbili, kisha pitisha kidole huku na huku. Upande unaokwaruza ndio wa kinyume. Ukishajua ramani hiyo, nusu ya damu imekwisha. Wiki ya kwanza nyoa mashavu tu kwa chuma na koo liache kwa kifaa chako cha zamani. Kidevu kijie mwisho, wakati povu limeshalainisha nywele zake, ambazo ndizo ngumu kuliko zote usoni.

Na tafadhali usinyoe asubuhi ya harusi ya dada yako ukiwa na mashine mpya.

Povu halikai. Linakuwa kama maziwa yaliyokatika. Tunatumia maji ya kisima. (Msomaji, Mbagala)

Kosa si la sabuni. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi na madini, hasa kalsiamu na magnesi, na madini hayo yanaishika sabuni na kuifanya utando mweupe badala ya povu. Utaongeza sabuni mpaka kipande kiishe.

Unyoaji hauhitaji ndoo. Kikombe kimoja cha maji ya mvua, au ya kunywa, kinatosha kuumua povu; maji ya kisima yabaki ya kusuuza mashine. Methali inasema mwenzako akinyolewa wewe zako tia maji, haikusema maji ya chumvi. Oga kwanza, au weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu usoni dakika mbili, kwa sababu unywele uliolowa unakatika kwa urahisi mno ukilinganisha na mkavu. Burashi ni nzuri lakini si sharti. Krimu ya kunyolea iliyopakwa kwa mkono inafanya kazi. Kipande cha sabuni ya kufulia, hapana.

Wembe mmoja unanyoa mara ngapi? Chumbani chuoni tuko wawili, tunaweza kuchangia? (Msomaji, Morogoro)

Mara tatu hadi tano kwa ndevu za kawaida. Siku unapohisi unavuta badala ya kukata, badilisha hapo hapo, usimalizie shavu la pili. Usiufute makali kwa taulo. Suuza, kung'uta, weka pakavu.

Kuchangia wembe, hapana. Si suala la kuaminiana. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, kwenye tone la damu ambalo hata hulioni. Kila mtu na wembe wake, na ikiwezekana na mashine yake. Kwa kinyozi vilevile: wembe ufunguliwe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako, ndipo auvunje nusu na kuuvalisha. Jiwe la shabu linalopitishwa shingo hadi shingo nalo likatae. Nunua lako, ni rahisi. Lilowanishe, pitisha usoni baada ya kunyoa, subiri kidogo, suuza. Linafunga mikato midogo, na linawasha pale ulipokandamiza, kwa hiyo litakusahihisha mkono. Spiriti ya kuunguza uso sioni faida yake.

Je, sisi wanawake? Nauliza kwa ajili ya makwapa na usafi wa sunna. (Dada, Unguja)

Inafaa, dada, na mashine ni ile ile. Usikubali kuuziwa ya waridi kwa bei ya juu. Miguuni ni rahisi, ila pita taratibu kwenye goti na mfupa wa kifundo. Kwapani inua mkono vizuri, na ujue nywele za hapo zinaelekea pande zaidi ya moja.

Kwa sehemu za siri, punguza kwanza kwa mkasi, kisha nyoa kufuata nywele, povu jingi, bila kukandamiza. Vipele vya huko vinatokana na jambo lile lile nililomwambia wa Tabata. Hadithi iliyo katika Sahihi Muslim inataja siku arobaini kuwa kikomo cha kuacha, haikuamrisha kila baada ya siku tatu. Ngozi ikilalamika, ongeza siku kati ya kunyoa na kunyoa.

Naruka Muscat kuja Dar. Nitapita nayo? (Msomaji, Oman)

Nyembe zote weka kwenye begi la kupakiwa chini. Mashine tupu, bila wembe, kwa kawaida inapita kwenye begi la mkononi, lakini neno la mwisho ni la mkaguzi. Ukisafiri na begi la mkononi tu, njoo na mashine, nyembe utanunua huku.

Nyembe zilizotumika nizitupe wapi? Nina watoto wadogo. (Mama, Kisumu)

Nyumba nyingi za zamani Marekani zilikuwa na kabati la bafuni lenye upenyo mwembamba nyuma, wembe unaudumbukiza ndani ya ukuta, basi. Anayekuja kubomoa ukuta atajua mwenyewe. Wewe usimfanyie hivyo mzoa taka wako, ambaye anachambua mifuko kwa mikono mitupu.

Chukua kopo la bati ambalo halijafunguliwa, la nyanya au la maziwa. Toboa mpasuo mwembamba juu kwa kisu, mwaga kilichomo, suuza, kausha. Nyembe ziingie humo moja moja. Kopo dogo litachukua miaka kujaa. Likijaa, ligonge mpasuo kwa nyundo ujifunge, zungushia utepe wa gundi, andika NYEMBE kwa kalamu nzito. Mpaka siku hiyo likae juu ya kabati, si chini ya sinki.