Rasi Akisoma Majina na Lako Halimo

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako ulinikuta Jumatatu usiku kwenye daladala ya Tandika, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika simu. Niliusoma mara tatu kabla sijashuka. Kwa ruhusa yako nauweka hapa: "Dada shikamoo. Leo tumefungua chuo, Rasi amesoma majina ya waliofanya vizuri mwaka wa kwanza. Rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja yumo, mimi simo. GPA yangu ni 3.1. Nimeshindwa hata kula. Nifanyeje?" (Rasi ni mkuu wa chuo; GPA ni wastani wa alama, juu kabisa ni 5.)

Ningekujibu huko huko faragha, ila jibu limekuwa refu, na najua wa hivyo mko wengi. Halafu kuna jambo hulijui. Na mimi nilikuwemo ukumbini siku ile, viti vya nyuma kabisa, pamoja na wenzangu wa uzamili tunaokuja jioni tukiwa tumeshatoka kazini na chaki bado iko kwenye mikono ya shati.

Chuo sitakitaja. Anayekijua anakijua. Ni chuo kikuu kishiriki, yaani kiko chini ya chuo kikuu kingine, kipo Dar es Salaam, na kila muhula unapoanza mambo ni yale yale. Rasi anasimama, anasoma taarifa: nani amepanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, nani amemaliza uzamivu, utafiti gani umepata fedha, netiboli wamerudi na kombe, jengo la HEET, mradi wa serikali wa kuboresha vyuo vikuu, limefikia wapi. (Kwenye jengo watu hupiga makofi kuliko kwenye utafiti. Mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa vyuo vya nchi nzima, lazima upigiwe makofi, tutaulipa wote.) Kisha yanakuja majina ya wanafunzi.

Safari hii na langu lilisomwa. Niliwasilisha mada kwenye kongamano la wanafunzi wa uzamili, na mada ikachaguliwa. Mstari mmoja tu kwenye taarifa, na jina la baba yangu likasomwa vibaya mpaka jirani yangu akaniuliza, "Ni wewe huyo au?" Nilisimama hivyo hivyo. Nilisimama nikakaa wima kama askari wa gwaride, na sioni aibu kusema kwamba nilirekodi kwa simu.

Ila mstari uliotangulia wangu ulikuwa wa mtu mwingine. Ulisema fulani, aliyesoma hapa hapa shahada ya kwanza, ametunukiwa uzamivu. Huyo fulani nililala naye chumba kimoja Keko miaka miwili. Ndiyo maana ujumbe wako ulinichoma.

Turudi 2016. Tumefungua mwaka wa pili, ukumbi ule ule, feni zile zile zinazozunguka bila upepo. Tulikuwa tunakaa geto moja, mimi mtoto wa Tandika, yeye katoka Newala na sanduku la bati. Wote Kiswahili na Historia. Nilidhani mimi ndiye nitakayemfundisha mjini, na mjini kweli nilimfundisha: wapi chipsi mayai ni za uhakika, daladala ipi isubiriwe, konda yupi harudishi chenji. Rasi akasoma jina lake. Mwanafunzi bora wa mwaka wa kwanza katika Kiswahili. Alipoinuka nikaona amevaa blauzi niliyomuuzia mimi, ya bluu yenye vifungo vya lulu bandia, na hajamaliza kunilipa. Alikuwa anadaiwa elfu tatu.

Nilipiga makofi kwa ncha za vidole.

Usiku ule nilijiambia maneno mengi. Kwamba yeye hana marafiki, ndiyo maana anasoma. Kwamba kwani kutajwa kwenye chuo kishiriki ni nini, si ingekuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, basi. Ujinga mtupu. Mlimani yenyewe ilianza Oktoba 1961 ikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, wanafunzi wachache wa sheria ndani ya jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba. Muhimbili na Ardhi navyo vilikuwa vishiriki mpaka 2007. Lakini mtu mwenye kijicho hatafuti historia, hata kama historia ndiyo anayoisomea.

Nikaamua nitamshinda kwa pesa. Bumu, pesa ya kujikimu ya mkopo wa serikali, lilipoingia, siku 60 kwa shilingi 8,500, yaani 510,000, nililipa kodi ya chumba, na karibu nusu ya kilichobaki nikaingia nayo Karume, soko la mitumba. Hilo ni lile soko la zamani, kabla halijaungua Januari 2022. Saa kumi na moja alfajiri niko Ilala nasubiri robota lifunguliwe, maana wanaowahi ndio wanaochagua, wanaochelewa wanaokota. Blauzi ya 1,500 nauza 5,000 hosteli. Sitakudanganya, nilikuwa hodari. Wiki ya kwanza niliuza blauzi kumi na tisa, na kila mtu akanijua. "Mama Blauzi." Nilijiona na mimi nimetajwa.

Darasani sikwenda. Kila mwanafunzi wa chuo ana imani kwamba wiki mbili za kwanza hakuna kinachofundishwa, mwalimu anagawa mpango wa kozi halafu anaondoka. Mimi nilizifanya nne. Niliporudi makundi ya semina yalikuwa yameshaundwa, nikatupwa kwenye kundi la mabaki: mmoja anaendesha bodaboda, mmoja hatukuwahi kumwona hadi leo, na mimi.

Kozi yenyewe ilikuwa Fonolojia ya Kiswahili. Unaona kejeli yake. Nimezaliwa Tandika, bibi yangu alinisimulia hadithi za sungura kwa Kiswahili, nikiota naota kwa Kiswahili, nani wa kunifundisha sauti za Kiswahili? Jumatano jioni ningekatiza vimbweta, zile meza za nje za kujisomea, na mfuko wangu wa blauzi, namkuta mwenzangu kazungukwa na watu saba, wanane, anauliza: "Kwa nini tunasema wengi, hatusemi waingi?" Nilicheka kwa sauti wakanisikia. Nikasema, kwa sababu ndivyo inavyosemwa, shosti. Nikapita.

Jaribio la kwanza, la pili na kazi ya kundi, vyote pamoja: 13 kati ya 40. UE, mtihani wa mwisho wa muhula wenye alama 60 zilizobaki, ikaja. Swali la pili, nalikumbuka kama namba ya simu ya mama: eleza kwa kanuni jinsi umbo *wa-ingi* linavyokuwa *wengi*, *ki-akula* linavyokuwa *chakula*, na *mu-alimu* linavyokuwa *mwalimu*. Nikajaza kurasa mbili kuhusu umuhimu wa lugha ya taifa. Leo namfundisha mtoto wa kidato cha tatu kwa dakika tano: *a* ikikutana na *i* zinaungana kuwa *e*, *ki* ikikutana na irabu inageuka *ch*, *u* mbele ya irabu inakuwa *w*. Siku ile sikuwa na hata moja. UE nikapata 24. Kumi na tatu na ishirini na nne ni 37, na kufaulu ni 40. D. Kozi moja ya Historia nayo ikanifuata, hiyo sina hamu ya kuisimulia.

Sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia. Septemba wenzangu wako makwao, mimi niko Keko na jua linachemsha bati, napiga msuli kwa madesa, notisi za watu, ya kukopa. Nilipita zote. Lakini sapu ukifaulu hata kwa alama 90 unaandikiwa C, na C ni pointi 2. Chukua kozi sita zenye uzito sawa, zote B+, muhula wako ni 4.0. Geuza moja tu iwe C ya sapu, unashuka hadi 3.6 na ushee. Mimi niligeuza mbili. Na ili chuo cha umma kikuajiri kama mkufunzi msaidizi, shahada ya kwanza inatakiwa isipungue 3.8. Nilimaliza 2018 na 3.4. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Nukta moja. Miaka imepita na bado nikiona 3.5 imeandikwa popote, hata kwenye lita za mafuta ya kula, roho inaruka.

Na blauzi? Daftari la madeni lilibaki na 140,000 za watu wanaosubiri bumu. Bumu likitoka hawapiti njia ya kwangu.

Miaka iliyofuata nairuka: kukaa mtaani, tempo, ajira, mtoto. Tufike kwako.

Kwanza hesabu, maana wewe unalia na hesabu haijafungwa. Una 3.1 ya mwaka mmoja. Ukipata 4.0 mwaka wa pili na 4.0 mwaka wa tatu, kozi zikiwa na uzito sawa, unamaliza na 3.7. Hilo ni daraja la pili la juu na chenji inabaki. Mtu mwenye 3.1 mwaka wa kwanza hajafa. Mtu mwenye 3.1 anayekwenda Karume kwa hasira ndiye anayejichimbia.

Pili, nenda darasani wiki ya kwanza. Najua ulitaka kitu kizito zaidi. Nenda wiki ya kwanza. Makundi ya semina huundwa wakati huo, na kazi ya kundi imo ndani ya zile alama 40 za kabla ya UE. CR, kiongozi wa darasa, anapeleka mpango wa kozi stesheneri, wewe uwe wa kwanza kutoa nakala, pamoja na pasti pepa za miaka mitatu. Mimi sasa naishi na mtoto, kazi na foleni ya Kilwa Road, na wiki ya kwanza ya muhula huu nilifika kabla ya mwalimu, mlinzi ndiye aliyenifungulia.

Tatu, na hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo: yule rafiki yako, usimkimbie. Usiku huu huu, kabla kinyongo hakijapata mizizi, mwambie hongera kwa mdomo kamili, halafu muulize anafanyaje. Atakuambia. Vipanga wengi wanapenda kuulizwa, ila watu wanawaogopa au wanawanunia. Mimi nilikuwa na mtu anayelala umbali wa hatua mbili kutoka kitandani kwangu, anayefundisha watu wanane bure kila Jumatano, na nilimnunia miezi mitatu kwa kosa la kutajwa. Wale wanane, nikumbuke vizuri, hakuna hata mmoja aliyekwenda sapu ya fonolojia. Mmoja wao alikuwa hajui kutofautisha fonimu na fomu ya mkopo.

Kiburi chetu watoto wa mjini kina gharama, wadogo zangu. Mtu katoka Newala na sanduku la bati, hajui feri iko wapi, lakini anajua kwa nini tunasema wengi. Kaa naye. Mpe blauzi bure ikibidi. Wapo wanaosema usijilinganishe na mtu. Mimi nasema jilinganishe, lakini ukiwa umekaa naye kimbweta kimoja, si ukiwa umejifunika shuka. Mnachat usiku kucha na watu mtakaowasahau kabla ya mahafali, na anayeweza kukuvusha yuko kitanda cha jirani mmenuniana kwa sababu ya orodha. Muhula una wiki kumi na kitu. Moja imeshaanza kuondoka.

Biashara nayo sikukatazi, nisije nikaonekana nimesahau nilikotoka. Uza. Uza jioni, uza Jumamosi, na usikopeshe mtu anayesubiri bumu.

Nimekwenda mbali. Niishie hapa pa Jumatatu.

Baada ya kusoma ujumbe wako nilimtafuta mwenzangu. Namba yake ninayo miaka yote, tunaangaliana picha za watoto bila kusemezana. Nikaandika, nikafuta, nikaandika: "Hongera sana, Daktari. Nilikuwepo ukumbini, nimesikia." Nikaongeza, kwa sababu nisingelala: "Wa na ingi, a na i zinaungana." Alikuwa anaandika, anaacha, anaandika. Ikaja: "Asante shosti wangu. Nilikutafuta kwa macho siku ile ya 2016 nikakuona unatoka nje. Nitumie namba ya kulipia, nina elfu tatu yako."

Sijamtumia.