Kabla ya losheni, mwambie

Juzi mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, alinitumia ujumbe akiomba shilingi 15,000 ya losheni. Nikamuuliza ni losheni gani hiyo. Akazunguka weee, mwishowe akasema ni ya kung'arisha ngozi, ameangalia filamu ya Kithai kwenye simu ya rafiki yake: kuna binti mweusi mwenye miwani, kampenda mvulana wa shuleni, akajitengeneza, akapendwa. "Mama mdogo, ulishaiona?"

Nimeiona. Mara ya kwanza nilikuwa chuo, 2013, kwenye kompyuta ya mwenzangu wa chumba, tumejibanza wanne kitandani tukisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Kwa Kiingereza inaitwa First Love, na wengine wanaijua kwa jina la Crazy Little Thing Called Love. Jina la Kithai maana yake ni kitu kidogo kiitwacho mapenzi. Ilitoka 2010. Tulilia wote wanne, kisha mmoja akasema, "Unaona? Ukipendeza tu, mambo yanajipa." Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, kwa sababu ya huyu mtoto wa dada.

Kwa ambao hawajaiona: Nam ni binti wa mwaka wa kwanza wa sekondari. Nywele zimekatwa fupi kama sheria ya shule inavyotaka (wasichana tuliosoma shule za serikali Tanzania tunaielewa hiyo sheria), ana miwani mikubwa, baadaye anafungwa vyuma vya meno, na ngozi yake ni nyeusi kwa kipimo cha kwao. Anampenda Shone, kaka wa madarasa ya juu, mcheza mpira anayependa pia kupiga picha. Nam na mashoga zake watatu wana kitabu cha mbinu 9 za kumvuta umpendaye. Anajaribu kila kitu. Anajipaka dawa za kienyeji za kung'arisha ngozi, anaingia kwenye mchezo wa kuigiza, anakuwa kiongozi wa bendi ya shule, anasoma hadi anashika namba moja. Miaka mitatu yote hiyo hajamwambia Shone neno moja.

Siku ya mwisho ya shule ndipo anamwambia, kando ya bwawa la kuogelea, huku analia. Shone ana mtu tayari. Wameanza wiki moja tu iliyopita. Wiki moja, baada ya miaka mitatu!

Sasa sikilizeni wadogo zangu, maana hapa ndipo wengi wanapoisoma filamu kinyume. Usiku ule Shone anafungua albamu yake. Imejaa picha za Nam, na alianza kumpiga picha tangu mwanzo, Nam yule wa miwani, yule mweusi, kabla ya dawa, kabla ya bendi, kabla ya chochote. Naye alikuwa akiogopa. Tena alikuwa amefungwa na ahadi kwa rafiki yake kwamba asimfuate Nam. Kwa hiyo ile kazi yote ya kubadilika haikumletea Nam mapenzi ya Shone. Yalikuwepo. Walichokosa ni mmoja wao kufungua mdomo mapema.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu mimi nilinunua hiyo losheni.

Nilikuwa kidato cha pili pia. Kijana niliyempenda alikuwa kidato cha nne, ndiye aliyegonga kengele ya shule, na mpaka leo nikisikia chuma kikigongwa moyo unashtuka kidogo. Nilijiambia haniangalii kwa sababu mimi ni mweusi. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijitungia mwenyewe. Dada mmoja wa saluni akaniuzia kikopo kisicho na jina wala maandishi. Mkorogo. Wiki ya kwanza uso uling'aa nikafurahi. Wiki ya tatu nilikuwa siwezi kusimama mstarini asubuhi jua likitoka, mashavu yanawaka kama nimepakwa pilipili, na ngozi inabanduka kando ya pua. Mama aligundua kwa vidole: uso umekuwa mwekundu, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Hakunipiga. Alikaa chini, akanishika mkono, akauliza, "Nani kakwambia rangi yangu mbaya?" Maana rangi yangu ni yake. Sijawahi kusahau swali lile.

Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku Tanzania, na si kwa ajili ya urembo. Zebaki inapita kwenye ngozi na kwenda kudhuru figo. Kikopo kisicho na maandishi hujui kina nini. Mtoto wa dada, hiyo 15,000 siitoi.

Na yule wa kengele? Sikumwambia. Nikimwona anakuja nakata kona. Miaka kumi na kitu baadaye tulikutana kwenye harusi, yuko na mke wake na mtoto mgongoni. Akaniambia, "Wewe si ndiye uliyekuwa ukiniona unakimbia? Nilidhani nilikukosea kitu." Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema angefurahi kujua. Hakusema angenipenda, na sidhani kama angenipenda. Lakini kwa miaka yote ile mtoto wa watu alibeba wazo kwamba kuna binti anamchukia, nami nilibeba wazo kwamba sura yangu ina kasoro. Neno moja lingetuondolea wote wawili mzigo.

Kwa hiyo ukiniuliza umwambieje, nakwambia nilivyojifunza kwa kuchelewa. Mwambie mapema, moyo ukiwa bado mwepesi. Nam alikaa miaka mitatu, ndiyo maana yalipotoka yalitoka kama mafuriko. Usimwambie mbele ya watu, wala usimtume shoga yako, maana habari ikipita midomo miwili inafika nyingine. Maneno machache yanatosha: nakupenda, nilitaka ujue. Kisha mwache ajibu au asijibu. Akikataa, utaumia, nakuahidi utaumia, na wiki kadhaa utalia chooni. Ni maumivu yanayopona. Ya kutojua yanakaa.

Na kusema "nakupenda" si kutoa ruhusa ya kitu kingine chochote. Hilo nalisema mara moja nalo liwe wazi. Tena nazungumzia mwanafunzi mwenzako. Mtu mzima anayekwambia umependeza na kukuita pembeni huyo si Shone, mwambie mama yako au mwalimu unayemwamini siku hiyo hiyo.

Kuna kitu kingine katika filamu hii ambacho watu wanakipita haraka. Nam alipoanza kupendeza na kutembea na kundi la akina Shone, aliwasahau mashoga zake watatu. Sehemu wanayorudiana inaniliza kuliko ile ya bwawa. Wale walimpenda akiwa na vyuma vya meno, walikaa naye akijipaka yale madawa, wakacheka naye. Mimi kipindi cha mkorogo nilimkwepa rafiki yangu wa dawati kwa sababu aliniambia ukweli kuhusu uso wangu. Alihama shule kabla sijamwomba radhi.

Mwisho wa filamu, miaka 9 baadaye, wanakutana tena na mambo yanakuwa mazuri. Naupenda mwisho ule na kila mara natabasamu. Ila usiupangie maisha. Nam naye hakukaa akisubiri. Alikwenda Marekani kwa baba yake, akasoma, akawa mbunifu wa mavazi.

Jumamosi mtoto wa dada alikuja kwangu tukaiangalia pamoja. Tulipofika kwenye albamu akaomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaitazama ile picha ya Nam wa miwani muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa kwa nini huyu kaka hakusema?" Nikamwambia aliogopa, kama wewe.

Kama amemwambia yule kijana wake, bado hajanieleza, nami sijamuuliza.