Ukifika Galle, lala ndani ya ukuta

Safari yangu ya kwanza Galle, kusini mwa Sri Lanka, niliingia saa sita mchana na saa kumi nilikuwa kwenye treni ya kurudi Colombo, kichwa kinagonga kwa jua. Niliporudi nilikaa siku tatu, na ndipo nilipouona mji.

Tafuta chumba ndani ya ngome, yaani mji wa zamani uliozungukwa na ukuta, hata kama ni kidogo. Jioni wageni wa siku moja wakishaondoka, wenyeji hupanda ukutani na watoto wao kupunga upepo. Kupanda ni bure. Uzunguke ukuta alfajiri, kisha tena saa kumi na moja jioni. Katikati ya hapo huko juu hakuna kivuli. Sehemu nyingi hazina kizuizi upande wa bahari, kwa hiyo watoto washikwe mkono.

Mimi ni wa Mombasa, na Galle ilinigusa pabaya. Wareno walianza kujiimarisha pale mwaka 1588, miaka 5 kabla ya kuanza Fort Jesus yetu. Waholanzi wakawanyang'anya mwaka 1640, na kuta kubwa zinazoonekana leo ni kazi yao. Chini ya buruji moja niliinama nikapapasa jiwe: tumbawe, lina vitundu kama sega la nyuki, lilelile la nyumba za Mji wa Kale kwetu. Nilikaa pale mpaka magharibi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika mpaka Galle pia.

Karibu na mnara wa taa kuna msikiti mweupe ambao kwa mbali utadhani ni kanisa. Waislamu wa Galle ni wazao wa wafanyabiashara wa bahari hiihii. Ukienda kuswali au kutazama, vaa nguo ya heshima na usipige picha watu bila kuwaomba.

Waulize wenyeji, kwa upole, kuhusu tsunami ya Desemba 2004. Ukuta uliukinga mji wa ndani. Nje, kituo cha basi na uwanja wa kriketi vilisombwa na maji. Wengi walipoteza ndugu.

Kutoka Colombo panda treni, ukae upande wa kulia, ndio wa bahari. Na unapotoka kwa lango la zamani, kabla hujavuka, inua macho: upande wa ndani Waholanzi walichonga jogoo na mwaka 1669.