Senga, mimi mkunga tu, utafiti nitauingilia wapi?

SWALI: Senga, shangazi yetu wa ushauri, habari ya siku. Niko na miaka 29, mkunga wa diploma kwa helsenta tatu moja huku Busia upande wetu wa Uganda. Kila mwezi naona yaleyale, mama amemeza fansidari zake za kuzuia malaria vizuri kabisa na bado anakuja na malaria, mwingine presha imepanda ghafla, mtoto anazaliwa na kilo mbili na kitu, nami naandika tu kwa rejista. Natamani kuingia utafiti wa mambo ya uzazi lakini wenzangu wananicheka eti hiyo ni ya madaktari wa Makerere na wazungu. Kweli mtu kama mimi anaweza pata nafasi? Mkunga, Busia.

JIBU: Mwanangu, waache wacheke kwanza. Hilo swali lako la fansidari, unajua limeshafanyiwa utafiti hapohapo Busia? Walichukua wajawazito karibu 800, wengine wakapewa fansidari kila mwezi, wengine dawa nyingine ya malaria inaitwa DP, majibu yakatoka 2019. Waliopewa DP malaria ilipungua sana sana, lakini ukija kwa watoto wenyewe, waliozaliwa kabla ya siku zao, waliozaliwa wadogo, pande zote mbili karibu sawa tu. Sasa si unajikuna kichwa, malaria imepungua mbona mtoto hajaongeza kilo? Inaonekana fansidari inamsaidia mtoto kwa njia nyingine mbali na malaria, na njia gani hasa ndio watu bado wanaitafuta. Wewe umeikalia rejista yenye maswali ya aina hiyo halafu unaniuliza kama unafaa.

Na hiyo ya wakunga hawahusiki, hapana bwana. Ile nevirapini ya kuzuia mtoto asipate HIV kwa mama yake ilijaribiwa Mulago miaka ya 1997 mpaka 1999, akina mama zaidi ya 600. Kidonge kimoja uchungu ukianza, mtoto naye dozi yake ya maji ndani ya saa 72 baada ya kuzaliwa, na maambukizi yalipungua karibu nusu ukilinganisha na dawa ya zamani. Siku hizi tumesonga mbele, mama anaanzishiwa dawa za maisha, lakini niambie kazi ya kuhesabu uchungu umeanza saa ngapi unaifanyaje bila mkunga?

Haya, kuingia. Anza kama nesi au msaidizi wa utafiti, hizo kazi zinatangazwa na miradi ya Makerere, chuo cha Mbarara, ile yuniti ya utafiti wa afya ya MRC kule Entebbe, na watu wa malaria wa Tororo na Busia. Kabla hujaomba fanya kozi ya GCP, yaani taratibu za kufanya utafiti wa tiba kwa watu, ya bure ipo mtandaoni na unaimaliza kwa simu tu, na kwa majaribio ya dawa wanaiulizia sana. Kama unaongea Kisamia na Kiteso andika hapo juu kabisa kwa sivii, usione aibu, maana mama lazima aelezwe kwa lugha yake damu yake inayochukuliwa kwa utafiti inaenda wapi na kwamba anaweza kukataa na huduma akapata vilevile, na daktari wa Kampala hiyo hawezi. Digrii utaiongeza polepole ukiwa kazini.

Kitu kimoja nakukataza. Usianze kunakili majina ya akina mama kwa rejista eti unajifanyia utafiti wako. Hata wakubwa wanapitia kamati ya maadili kwanza halafu UNCST, lile baraza la taifa la sayansi na teknolojia, ndio waguse mtu. Wewe chukua daftari lako, andika swali tu bila jina la mtu, kisha mtafute mtafiti mmoja aliye karibu umwonyeshe.

Na yeyote akikuambia tuma mobile money ndio upewe kazi ya utafiti, huyo mwizi, mblok.