Anza na waya, daftari baadaye

Agosti 2014 HP walitangaza kurudishwa kwa nyaya za umeme za laptopu zenye alama LS-15, zilizotoka na laptopu za HP na Compaq kati ya Septemba 2010 na Juni 2012. Zilikuwa zinapata moto kupita kiasi. Marekani na Kanada peke yake zilikuwa kama milioni 6. Mimi nilikuwa fundi kompyuta wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Tanga, kazi ikanishukia.

Nikafungua daftari la mali, nikahesabu HP tisa, nikaripoti tisa. Kumbe nimehesabu kompyuta, na ugonjwa uko kwenye waya! Nyaya za chaja hutembea ofisini kama kalamu. Mmoja anaazima, mwingine anasahau kwao Chumbageni, anarudi na wa mdogo wake.

Kwa hiyo pita meza kwa meza. Chomoa kwanza ukutani, kisha angalia kile kichwa kinachoingia kwenye kiboksi cha chaja. Alama imechongwa pale kwenye plastiki. Futa vumbi, mulika kwa tochi ya simu. Stoo usiiruke, wala begi la dereva. Uliokwisha kuukagua uzungushie utepe wa rangi, la sivyo kesho utaukagua tena.

Betri zina mtihani wake. Mwaka 2006 Dell waliita zirudishwe betri milioni 4.1 zenye seli za Sony, na kilichotakiwa kusomwa ni namba ya betri yenyewe. Laptopu zetu nyingi ni mitumba, betri imeshabadilishwa huko ilikotoka, hivyo namba ya mashine inaweza kukudanganya. Betri ya kuchomoa, igeuze usome. Iliyofungiwa ndani, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport. Utapata ripoti yenye jina la betri, mtengenezaji na, mara nyingi, namba yake. Ilinganishe na tangazo, tarakimu kwa tarakimu. Iliyovimba usiisubirishe orodha: zima, weka mbali na vinavyoshika moto, usiitoboe.

Nilipomaliza kupita, LS-15 zilikuwa tatu. Mbili kwenye zile HP tisa, wa tatu pale mapokezi, ukichaji Dell. Nikampelekea mkuu karatasi mpya. Akaisoma, akanitazama juu ya miwani: “Na zile sita umezipeleka wapi?”